Siku Niliyofundisha Kubana Pesa Kwenye Harambee Yangu Mwenyewe

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na kila nikidhani watu wa kwetu Kikima wameisahau, nakutana sokoni na mtu ambaye hata simjui, ananitazama, mabega yanaanza kumtetemeka, kisha ananiuliza kama jogoo hajambo. Kwa hivyo afadhali niisimulie mwenyewe, maana ile wanayoisimulia wao imeshatiwa chumvi mpaka haiwezi kulika (wanasema nililia mbele ya kanisa, sikulia, lilikuwa jasho, na vumbi kidogo).

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea kuisha, na mimi Mwikali, mtoto wa pekee wa mjane wa Kikima, nilikuwa Nairobi nikisomea digrii ya pili ya mambo ya fedha. Nilikuwa nimeianza kwa ufadhili, na ufadhili ule ukakatika katikati bila hata kuniaga, nikaambiwa kwamba nisipolipa karo kufikia Jumatano jina langu linaondolewa na nafasi yangu anapewa mwingine. Sasa hapo ndipo unaruhusiwa kucheka, kwa sababu katika masomo yote nililolipenda zaidi lilikuwa lile la mtu binafsi kupanga pesa zake na za nyumba yake, jinsi ya kuweka bajeti, jinsi ya kuweka akiba, jinsi ya kujikinga na mambo ya ghafla, na mimi mwenyewe ambaye ningeweza kukueleza hayo yote nikiwa nimefumba macho nilikuwa naishi kwa chai ya rangi na mkate wa kukopa kwa mwenzangu wa chumbani.

Mama akaenda kwa mchungaji, mchungaji akaita kamati, kamati ikatangaza harambee Jumapili baada ya ibada. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Kyalo, aliyenifundisha darasa la saba, na huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa mnada katika milima yote ya Mbooni. Kama hujui mnada wa kanisani kwetu unavyokwenda, nikueleze, la sivyo hutaielewa fedheha yangu. Mtu analeta yai, au mkungu wa ndizi, au kuku, mnadi anakiinua kitu hicho juu, watu wanapandishiana bei huku kwaya ikiimba, na yule anayeshinda analipa, halafu badala ya kwenda na kitu chake anasema neno moja tu: "Nimerudisha." Basi kitu kinauzwa tena. Yai moja nimeliona kwa macho yangu likiuzwa mpaka likafikisha bei ya mbuzi, na mwishowe bado ni yai, na aliyelinunua mwisho anampa yule anayechangiwa. Hakuna mnunuzi anayeondoka nalo. Haijawahi kuandikwa mahali popote kwamba usiondoke nalo, lakini kila mtoto anajua.

Nilifika nyumbani Jumamosi mchana na sikuweza kutulia. Nilifagia uwanja uliokuwa umefagiwa, nikapanga kuni zilizokuwa zimepangwa, nikaenda barabarani kuangalia kama kuna mtu, nikarudi, nikaenda tena. Mama alikuwa akichambua maharagwe na kila nikipita mbele yake anainua miguu nisije nikamkanyaga. Ndipo, kwa kukosa la kufanya, nikamuuliza anaweka wapi pesa zake za kahawa, akanionyesha fundo kwenye kona ya leso, nami nikashtuka kama daktari aliyeona kidonda kilichofungwa kwa majani.

"Mwaitu," nikamwambia (ndivyo tunavyomwita mama kwetu), "hizi ni lazima ziwe akiba ya dharura. Zikae mbali na mkono."

Nikatafuta mkebe wa kakao, nikazitia pesa zote humo, nikaufunga kifuniko kwa plasta, nikauzungusha mara nyingi mpaka plasta ikaisha.

"Usiuguse mpaka dharura," nikasema.

"Dharura ni kitu gani?"

"Ni shida kubwa ya ghafla. Ugonjwa. Nyumba kuungua. Mvua kukosa."

Akautikisa mkebe karibu na sikio, akasema sawa. Halafu akaongeza, bila kunitazama: "Na kesho ukipewa nafasi uongee, useme asante tu. Asante inatosha."

Jamani, laiti ningalimsikiliza.

Jumapili kanisa lilijaa. Kulikuwa na baridi na ukungu ule wa kwetu wa mwezi wa saba, watu wamejifunika makoti, na mimi nimekaa benchi la mbele na viatu vya visigino virefu nilivyoazima kwa mwenzangu wa chumbani, mguu wangu mmoja ukigongagonga sakafu bila ruhusa yangu. Ibada ilikwenda, mahubiri yakawa marefu, nikatazama saa, nikatazama meza ya vitu vya mnada, nikaona mayai, ndizi, kabichi, na chini ya meza jogoo mwekundu wa mama yangu, aliyemlea kwa muda mrefu na kukataa kumuuza hata kwa wenye mahoteli, amefungwa miguu ametulia kuliko mimi.

Mwalimu Kyalo akasimama, akanitambulisha, akasema msichana huyu anamalizia masomo makubwa na sisi ndio wazazi wake, aje asalimie. Nikasimama. Nilikuwa na asante yangu mdomoni, nawaapia. Lakini kabla haijatoka, nyanya mmoja wa benchi la katikati, mwenye koti la marehemu mumewe, akauliza kwa sauti:

"Mwikali, tuambie kwanza. Hiyo digrii ya pesa ni ya nini? Kuhesabu pesa si ulijua ukiwa darasa la pili?"

Kanisa likacheka. Kicheko cha upendo tu, leo najua, lakini siku ile, na wasiwasi niliokuwa nao, kilinichoma. Nikaamua nieleze kidogo. Kidogo tu! Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kabisa, dakika mbili tatu watu wangu waone ninachosomea, halafu nikae.

Nikaanza. Nikawaambia pesa haipotei kwa sababu ni chache, inapotea kwa sababu haikupangwa. Mchungaji akasema amina. Ile amina iliniharibu, maana mtu akishaitikiwa amina ya kwanza hawezi tena kukaa. Nikawaambia usitoe pesa kwa sababu ya kelele na nyimbo, kaa, fikiria, jiulize kama ilikuwa kwenye bajeti yako. Amina. Nikawaambia usinunue kitu kuzidi bei yake ya sokoni, mtu anayefanya hivyo anajiibia mwenyewe. Amina, na safari hii zilitoka upande wa wanaume wote. Nikawaambia usiahidi pesa ambayo huna mkononi, na ukiwa na akiba usiiguse ila kwa dharura. Kina mama walikuwa wakitikisa vichwa, kijana mmoja wa kwaya alikuwa akiandika kwenye kiganja, na mimi nikajiona profesa kamili, nikashusha sauti, nikapandisha, nikanyoosha kidole. Niliona Mwalimu Kyalo akijipangusa uso kwa leso katika baridi ile, nikadhani ameguswa. Nilimwona mama ameinamisha kichwa, nikadhani anaomba.

Nikakaa. Makofi yalikuwa makubwa sana.

Mnada ukaanza kwa mayai. Mwalimu Kyalo akaliinua la kwanza, kwaya ikaingia, akaimba bei yake. Mtu akasema shilingi mbili. Mwalimu akangoja. Akasema, "Mbili! Nani tano? Nani kumi?" Kimya. Akacheka kidogo, akaongeza madoido, akazunguka nalo. Mama mmoja akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, yai ni shilingi mbili." Likaenda kwa mbili. Ndizi zikaenda kwa bei ya ndizi. Kabichi ilipunguzwa bei kwa sababu ilikuwa na wadudu.

Mimi bado sikuwa nimeelewa! Nilikuwa nimekaa pale najiambia watu wamechelewa kuchangamka kwa sababu ya baridi.

Ndipo akatolewa jogoo. Na hapo nikwambie habari ya Mzee Nzioka, mwenye kioski cha mafuta ya taa na chumvi mteremkoni, mtu ambaye harambee zote alikuwa akifika wakati wa wimbo wa kufunga, akishangaa kwamba mambo yameisha mapema. Siku hiyo sijui nani alimkosesha saa, alikuwa ndani, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ugonjwa wake wote ulikuwa afya.

"Sitini," akasema.

"Sitini! Mzee Nzioka amefungua na sitini! Nani mia? Jogoo ya Mama Mwikali hii, jamani, iangalieni kifua! Nani mia?"

"Sokoni ni sitini," mtu akanong'ona, na mnong'ono ukapita benchi hadi benchi, sitini, sitini, kweli ni sitini.

Mwalimu akahesabu moja, mbili, akarudia moja, akakohoa, akarudia mbili. Hakuna. Tatu. Mzee Nzioka akaja mbele, akalipa, akampokea jogoo, na kanisa zima likamngoja aseme neno. Hakulisema. Alimweka jogoo kwapani, akatuinamia kwa heshima, akatoka kwa mlango wa kando.

Tangu kanisa lile lijengwe hakuna aliyewahi kuona mgongo wa mtu ukiondoka na jogoo wa mnada. Kwaya iliendelea kuimba mstari mmoja, ikapotea katikati, ikanyamaza.

"Tuingie kwa ahadi," Mwalimu Kyalo akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mgonjwa. Kiongozi wa kina mama akasimama, akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mimi nilikuwa niahidi mia mbili, nilipe nikiuza mahindi," akasema. "Lakini sina mkononi, na msomi wetu ametufundisha vizuri. Mungu ambariki." Akakaa. Na wengine waliokuwa wameanza kuinuka wakajikalisha taratibu.

Hapo ndipo baridi ilinipata. Niliiona Jumatano ikija. Nililiona jina langu likifutwa. Nikasimama kwa haraka mpaka benchi likagonga.

"Ndugu zangu, yale niliyosema, hayakuwa ya leo!"

"Ni ya lini?" akauliza yule nyanya wa koti.

"Ni ya... kuanzia kesho."

Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Nikajaribu kueleza kwamba elimu ni uwekezaji, si matumizi, kwamba kuna tofauti, nikaanza kutaja tofauti zenyewe, na nikahisi mkono ukinivuta sketi kwa nyuma. Ulikuwa wa mama.

"Mwikali, kaa chini," akasema. "Ukifungua mdomo tena tutaanza kudaiwa."

Sikuweza kukaa. Mwili wangu ulikataa. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani, kwamba jogoo akirudi kila kitu kitarudi, nikachomoka kwa mlango ule ule wa kando, nikateremka barabara ya sokoni nikikimbia na visigino vya watu kwenye matope. Watu waliokuwa wamekaa vibarazani walisimama. Kisigino kimoja kikabaki matopeni, nikavua kiatu, nikaendelea na kimoja (usiniulize kwa nini sikuvua vyote, mimi pia hujiuliza).

Mzee Nzioka alikuwa akimfunga jogoo kwenye nguzo ya kioski.

"Wakya, mzee," nikamwamkia, nikihema.

"Aa," akaitikia kwa utulivu. "Karibu, mwalimu wangu."

"Mzee, nakuomba huyo jogoo nimrudishe kanisani."

"Unaomba ama unanunua?"

"Nanunua. Sitini."

"Sitini ni ya kanisani, mama. Hapa ni dukani." Akamgeuza jogoo nimwone upande wa pili. "Na wewe naona una haraka."

Nilikuwa na noti moja ya mia mfukoni, nauli yangu ya kurudi Nairobi. Nilimwambia sabini, akasema anafikiria kumfuga. Nikamwambia themanini, akaanza kumtafutia mahindi. Mtu aliyekuwa karibu kumaliza digrii ya pili ya fedha alinunua jogoo wa nyumbani kwao kwa shilingi mia, bila chenji, na jogoo mwenyewe akanishukuru kwa kunichafulia blauzi.

Nilipopanda kilima nilikuta mlango umefungwa na ndani ni kimya kabisa, nikajua wamekata tamaa wako kwenye sala ya kufunga. Nikausukuma polepole. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama, mchungaji akimshukuru Mungu kwa kidogo kilichopatikana (alilivuta lile neno "kidogo"), nami nikanyata na mguu mmoja juu mmoja chini, nikafika katikati ya kanisa, na hapo jogoo akanyoosha shingo akawika. Akawika tena. Mchungaji alijitahidi, nampa heshima yake, lakini ile amina haikufika mwisho.

Nikafika mbele. Macho yote yalikuwa kwenye blauzi, kwenye mguu wenye matope, kwenye jogoo. Mwalimu Kyalo akampokea kwa mikono miwili.

"Nimemnunua," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Na nimerudisha."

Nilidhani watalipuka kwa shangwe. Wapi! Walinitazama tu. Niliwafundisha vizuri mno, na somo halifutiki kichwani mwa mtu kwa dakika moja. Niliona watu wakishikilia mifuko yao, wakitaka na wakiogopa, na nilijua kabisa kwamba yamekwisha, nitabaki hapa, nitauza avokado barabarani na kila mpita njia ataambiwa huyo ndiye.

Ndipo mama akasimama. Akainama kwenye kiondo chake akatoa mkebe wa kakao, na plasta zangu zote juu yake. (Baadaye nilimuuliza kwa nini alikuja nao kanisani, akaniambia Jumapili nyumba haina mtu na kila mwizi anajua.) Akaing'ata plasta kwa meno, akavuta, ikagoma, akavuta tena, na kanisa zima linangoja plasta.

"Mwalimu," akasema, "nanunua hiyo jogoo. Mkebe wote."

"Mama Mwikali!" yule kiongozi wa kina mama akapaza sauti. "Wewe, hiyo si ya dharura? Umeambiwa usiguse!"

"Aliniambia ningoje dharura," mama akajibu. Akaninyooshea mkebe. "Si hiyo hapo imesimama na kiatu kimoja?"

Akamwaga pesa zote mezani. Akampapasa jogoo kichwa, akasema, "Nimerudisha," akaenda akakaa.

Sijui niwaelezeje kelele zile. Nyanya wa koti ndiye aliyeanza, akapiga kigelegele mpaka akakohoa, akanunua jogoo, akarudisha. Kwaya ikapata sauti. Mwalimu Kyalo akavua koti. Yule jogoo aliuzwa mpaka akachoka kuinuliwa, akaanza kulala mikononi mwa watu, na ahadi zikatoka hata kwa watu ambao mahindi yao yalikuwa bado hayajapandwa, na kila anayetoa ananigeukia anasema, "Bajeti!" na kanisa linaanguka kwa kicheko. Mzee Nzioka alisikia akarudi, akasimama mlangoni, na kina mama wakamtazama mpaka akaingiza mkono mfukoni. Alinunua yai moja, kwa shilingi mbili, akaondoka nalo.

Karo ilitimia. Jumatano nililipa na jina langu halikufutwa, nauli akanipa mchungaji, na mwenzangu wa chumbani hakunisemesha kwa muda kwa ajili ya kile kiatu. Jogoo, kwa desturi, alikuwa wangu, lakini aliishi kwa mama mpaka uzee wake na hakuna aliyethubutu kumtia sufuriani.

Lililobaki sikuambiwa na mama. Niliambiwa na yule kiongozi wa kina mama, siku ya sherehe ya kumaliza kwangu, tukiosha vyombo. Mvua ya mwaka ule ilikosa. Mama alikula ugali na mboga za mwituni, na mkebe ulikuwa rafuni mtupu, na kila barua aliyonitumia iliandikwa kwamba huku sote wazima. Niliacha sahani kwenye maji nikaenda nyuma ya nyumba. Hiyo siku, sawa, nililia.

Sasa mimi ni mwalimu wa somo hilo hilo. Nimeapa, na mpaka leo sijavunja, kwamba nikiwa chini ya paa la kanisa nasema asante tu na nakaa. Na darasani, nikifika mada ya akiba ya dharura, nawauliza wanafunzi dharura ni nini, wananijibu ugonjwa, moto, kufutwa kazi, nami naandika ubaoni haraka haraka na kupita. Kuna jibu moja, lile la mama la kiatu kimoja, huwa siliandiki, maana nikiligeukia nitashindwa kuendelea na kipindi.